Kuchagua antivirusi na ukuta wa moto kwa kompyuta ya nyumbani: anza na ulichonacho

Dada yangu alinijia na laptopu mkononi na swali moja: "Mdogo wangu, ninunue antivirusi gani? Dukani wameniambia hii iliyokuja na Windows haina nguvu." Alikuwa ametoka steshenari kuchapisha ripoti ya chuo, na flashi yake ilirudi na ule ugonjwa tunaoujua wote. Kila folda imegeuka njia ya mkato yenye kimshale pembeni, ukiibofya linachomoza dirisha jeusi na kutoweka, na kompyuta inakwambia flashi imejaa ilhali ndani huoni kitu.

Kabla ya kumjibu nilifungua Windows Security. Alama ya kijani ilikuwepo, kila kitu kinaonekana shwari. Nikashuka hadi kwenye orodha ya sehemu zisizokaguliwa, nikakuta mistari mitatu: C:\, D:\ na E:\. Hiyo E ndiyo herufi inayopewa flashi yake kila anapoichomeka. Fundi aliyemwekea Windows na programu za ofisi za kraki (zilizovunjwa kufuli ya leseni) aliiamuru mashine isikague diski yoyote, ili kraki yake isifutwe, kisha akamrudishia laptopu bila kumwambia neno. Dada alikuwa anajiandaa kulipa mlinzi mpya wakati mlinzi aliyenaye amefungwa kitambaa machoni.

Nimeona mashine nyingi za namna hiyo, kwa hiyo majina ya antivirusi yatasubiri hadi hatua ya nne.

Hatua ya 1: Ijue mashine yako

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, bonyeza Enter. Kidirisha kitakachotokea kitakuambia una Windows ipi. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama Januari 2020, Windows 8.1 Januari 2023, na Windows 10 ilifikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa Windows 10, Microsoft imeweka mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja kwa watumiaji wa nyumbani, hadi Oktoba 2026, na unajiandikisha ndani ya sehemu ya Windows Update.

Hili linatangulia antivirusi kwa sababu antivirusi haizibi tundu lililomo ndani ya Windows yenyewe. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja katika njia ambayo kompyuta hutumia kushirikiana mafaili. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, karibu miezi miwili baadaye, kirusi WannaCry kilipita kwenye tundu hilohilo na kufunga mafaili ya mashine zisizosasishwa katika nchi nyingi, bila mwenye mashine kubofya chochote. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Kinga ilikuwa tayari imetolewa bure, hawakuwa wameiweka. Kama Windows yako haipati tena masasisho, fedha ya antivirusi ielekeze kwanza kwenye kuibadilisha.

Angalia pia RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) na aina ya diski. Mashine ya GB 4 yenye diski ya kuzunguka, ile inayokoroma kwa ndani, haitabeba furushi kubwa la usalama lenye VPN (njia ya kuficha mawasiliano yako mtandaoni), kisafishaji, kilinda watoto na kadhalika. Itakwama, na mtu anayekwamishwa na antivirusi huishia kuizima.

Hatua ya 2: Amsha mlinzi uliyenaye

Tangu Windows 8, mwaka 2012, kila Windows huja na antivirusi yake, ambayo leo inaitwa Microsoft Defender. Si ya majaribio na haiishi muda. Ifanyie ukaguzi huu, dakika kumi zinatosha:

1. Kwenye sehemu ya kutafutia andika Windows Security, ifungue, ingia "Virus & threat protection", kisha "Manage settings".
2. Hakikisha "Real-time protection", "Cloud-delivered protection" na "Tamper Protection" zote zimewashwa. Ya mwisho ndiyo inayozuia programu nyingine kuizima Defender kwa mlango wa nyuma.
3. Shuka chini kabisa hadi "Exclusions", fungua orodha. Kwenye kompyuta ya nyumbani orodha hii inapaswa kuwa tupu. Ukikuta diski nzima, folda ya Downloads au jina la programu usiyoijua, ifute.
4. Rudi nyuma, chagua "Scan options", halafu ukaguzi wa "Microsoft Defender Antivirus (offline scan)". Mashine itajizima na kukagua diski kabla Windows haijaamka, kwa kama dakika 15. Hifadhi kazi zako kwanza.

Ukikuta vitufe vimefifia na maandishi yanayosema setingi hizi zinasimamiwa na msimamizi wako, na kompyuta ni yako mwenyewe si ya ofisi, basi kuna mtu au programu iliyochokonoa ndani. Ukaguzi ule wa kabla ya kuamka ukishindwa kulirekebisha, mimi huwa sipotezi siku nzima kubembeleza. Nakili mafaili yako, weka Windows upya kutoka tovuti ya Microsoft, na usirudishe kraki ileile. Najua leseni ina gharama, na najua wengi wetu tumekulia kwenye kraki. Lakini programu inayokuomba uzime ulinzi ndipo isakinishwe imeshakuomba funguo za nyumba. Kwa kazi za ofisi LibreOffice ni ya bure na inafungua mafaili ya Word na Excel.

Hatua ya 3: Jiulize kwako virusi huingilia wapi

Chukua karatasi, andika njia ambazo vitu vya nje huingia kwenye mashine yako. Usiandike za kwenye matangazo, andika zako. Kwa dada zilikuwa tatu: flashi inayozunguka steshenari na kwa wanafunzi wenzake, programu za kraki, na viambatisho vya barua pepe. Kwa jirani yangu mwenye watoto ni michezo ya kupakua. Mwingine anafanya miamala ya benki kwenye kivinjari, huyo hofu yake kubwa ni tovuti za kughushi.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokuchagulia. Kwa wa miamala, kinga ya tovuti za ulaghai ndiyo ya kutazamwa kwanza. Anayeishi na flashi anahitaji kitu tofauti kabisa, na nitakieleza hatua inayofuata.

Kwanza niwaokoe walio na flashi yenye njia za mkato sasa hivi. Mafaili yenu kwa kawaida hayajafutwa, yamefichwa tu. Chomeka flashi kwenye mashine iliyo safi, ikague kwa antivirusi, kisha andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, ifungue, na uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Badala ya E weka herufi ya flashi yako. Folda halisi zitarudi; futa zile njia za mkato pamoja na faili lolote la ajabu usilolijua. Ukichomeka tena kwenye mashine yako na ugonjwa ukarudi, mgonjwa ni mashine, si flashi.

Hatua ya 4: Soma maabara, na uzisome kwa jicho la kwako

Usichague kwa kusikia "hii ni kiboko". Kuna maabara zinazopima antivirusi mara kwa mara na kuweka matokeo wazi bure: AV-TEST iliyoko Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives iliyoko Innsbruck, Austria. AV-TEST hutoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi na 6 kwa kutosumbua, jumla 18. Bidhaa nyingi zinazojulikana, Defender ikiwemo, hukaa karibu na juu kabisa, kwa hiyo jumla peke yake haitakusaidia sana. Mwenye mashine dhaifu aanzie safu ya wepesi.

Lakini kwa matumizi yetu, hazina iko AV-Comparatives. Katika jaribio lao la kukamata virusi huwa wanatoa takwimu za hali mbili: mashine ikiwa mtandaoni, na ikiwa nje ya mtandao. Antivirusi za siku hizi hutegemea sana kuuliza seva zao: "Faili hili unalijua?" Ukiwa na intaneti muda wote, jibu linarudi papo hapo. Sasa fikiria laptopu ya mwanafunzi ambayo bando limeisha tangu juzi, inachomekwa flashi iliyotoka kwenye kompyuta ya umma. Swali linatumwa, jibu halirudi. Hapo antivirusi inabaki na ujuzi iliyo nao kichwani tu.

Katika majaribio hayo Defender imekuwa ikifanya vizuri ikiwa mtandaoni na kushuka waziwazi ikiwa nje. Bitdefender, Avast na AVG zimekuwa zikishika vizuri hata bila mtandao. Anayesoma makala za Ulaya au Marekani mara nyingi haambiwi habari hii, kwa sababu mwandishi na msomaji wake ni nadra kukosa intaneti.

Basi uamuzi wangu ni huu. Kama nyumbani una intaneti ya kudumu, unasasisha Windows, hutumii kraki na flashi ni nadra, baki na Defender na fedha yako ibaki mfukoni. Kama mashine yako hulala nje ya mtandao siku nyingi na flashi ndiyo barabara yako kuu, weka antivirusi yenye alama nzuri za nje ya mtandao. Dada nilimwekea Bitdefender ya bure. Inataka ujisajili kwa barua pepe, na haina mapambo mengi, jambo ambalo kwa RAM yake ya GB 4 lilikuwa faida.

Hatua ya 5: Ya bure au ya kulipia?

Kwa ukamataji wa virusi, ya bure na ya kulipia ya kampuni ileile kwa kawaida hutumia injini ileile. Unacholipia ni nyongeza: ukuta wa moto wa kwao, kinga ya miamala, udhibiti wa watoto, VPN, na mtu wa kumpigia. Lipia kama nyongeza hiyo imo kwenye karatasi yako ya hatua ya 3.

Ya bure nayo usiichukue kwa kufumba macho. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kukusanya historia ya tovuti walizotembelea watumiaji wake na kuiuza kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot, iliyofungwa mwaka 2020. Biashara ile imekoma, ila somo la setingi limebaki: baada ya kusakinisha antivirusi yoyote, ingia sehemu ya faragha uondoe tiki za kugawa taarifa zako kwa ajili ya matangazo. Ujue pia kwamba Norton, Avast, AVG na Avira zote ziko chini ya mwavuli wa kampuni moja, Gen Digital. Anayehama kutoka moja kwenda nyingine kwa hasira hajahama mbali.

Kaspersky naulizwa kila mara, kwa kuwa iko kwenye maduka mengi ya kwetu. Maabarani imekuwa ikipata alama za juu. Marekani iliipiga marufuku kuuzwa kwake Juni 2024 kwa hoja ya usalama wa taifa, na watumiaji wa huko wakakatiwa masasisho mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Ikiwa mashine yako inagusa kazi za shirika au mwajiri wa Marekani, achana nayo. Kwa mwanafunzi wa Iringa au Kisumu ni uamuzi wake, mradi ajue habari hiyo kabla ya kulipa.

Ukinunua kadi ya leseni dukani, sakinisha hapohapo mbele ya muuzaji. Mimi niliwahi kurudi nyumbani na kadi ya mwaka mmoja, nikakwangua, nikaingiza namba, nikaambiwa imeshatumika kwenye idadi kamili ya vifaa. Duka halikunirudishia fedha. Ukilipa kwa kadi ya benki mtandaoni, zima kipengele cha kujilipia upya siku hiyohiyo. Bei ya mwaka wa kwanza huwa ya kukuvuta, na ya mwaka wa pili inaweza kufika mara mbili.

Hatua ya 6: Sakinisha moja, moja tu

Antivirusi mbili kwenye mashine moja hazikupi ulinzi maradufu. Kila moja inataka kushika faili kabla ya mwenzake, mashine inakuwa nzito, wakati mwingine zinashikana zenyewe. Iondoe ya zamani kwanza, washa upya, ndipo uweke mpya. Zile zilizokuja na laptopu kwa majaribio, kama McAfee au Norton, zina vifaa maalumu vya kuziondoa kwenye tovuti za kampuni zao. Vitumie, kwa sababu uondoaji wa kawaida huacha mabaki. Defender haina haja ya kuondolewa, itajiweka pembeni yenyewe ikiona mwenzake amefika.

Pakua kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, kwa kuandika anwani kwa mkono. Usipakue kutoka kwenye tangazo lililokurukia usoni likisema kompyuta yako ina virusi vitano. Hakuna tovuti inayoweza kukagua diski yako kwa kukutazama tu; hilo dirisha ndilo kirusi kinachobisha hodi. Wakati wa kusakinisha soma kila ukurasa, na uondoe tiki kwenye vivinjari na visafishaji vinavyodandia.

Hatua ya 7: Ukuta wa moto

Antivirusi inakagua mafaili. Ukuta wa moto, ambao wengine huuita kwa jina lake la Kiingereza, firewall, unasimamia milango ya mtandao: nani aruhusiwe kuanzisha mazungumzo na mashine yako. Kompyuta ina milango 65,535 ya namba. Agosti 2003 mnyoo Blaster, yaani kirusi kinachojisambaza chenyewe, ulipita mlango wa 135 na kuambukiza kompyuta za Windows XP zilizokuwa zimeunganishwa tu na intaneti. XP ilikuwa na ukuta, lakini ulikuja umezimwa. Agosti 2004 Microsoft ilitoa Service Pack 2 ikauwasha kwa kila mtu, na tangu hapo umekuwa ukiwashwa kwa kawaida.

Kwa hiyo hapa pia, fungua Windows Security, ingia "Firewall & network protection", hakikisha mitandao yote mitatu imeandikwa imewashwa. Kisha linakuja jambo ambalo watu wengi hulipita. Ukiunganisha Wi-Fi mpya, Windows huuhesabu mtandao huo kuwa wa umma au wa faragha, na unaweza kubadilisha kwenye setingi za mtandao huo. Mgahawa, hosteli, gesti, ofisi ya mtu, Wi-Fi ya jirani: chagua "Public", ambayo inaificha mashine yako kwa wengine waliomo. "Private" iwe ya nyumbani kwako tu, na hata huko, kama huna printa au mafaili ya kushirikiana, "Public" haikupunguzii chochote.

Programu ikitokea na dirisha la kuomba ruhusa kwenye ukuta na hujui inaombea nini, bofya "Cancel". Programu nyingi zitaendelea kufanya kazi, maana ukuta wa Windows huzuia wanaotaka kuingia na kuwaacha wanaotoka.

Udhaifu wake uko hapo hapo: kilicho ndani kinatoka bila kuulizwa. Ukitaka kuona na kuzuia vinavyotoka, GlassWire inaonyesha kwa grafu programu ipi inazungumza na nani, na TinyWall, ya bure na nyepesi, inakataa kila programu hadi uiruhusu. Mimi GlassWire niliipenda kwa sababu ya bando. Niligundua programu moja ya kuhifadhi picha ilikuwa inakula data usiku kucha. TinyWall inataka uvumilivu wa siku mbili tatu za kuruhusu kimoja kimoja. Usimwekee mzazi wako aliye mbali.

Mwenye ruta nyumbani ana ukuta wa pili. Ingia kwenye kurasa zake, anwani imeandikwa kwenye stika iliyo chini yake, ubadilishe nywila ya kuiongoza kutoka ile ya kiwandani, uzime usimamizi wa mbali, na uchague ulinzi wa Wi-Fi wa WPA2 au WPA3. Mtu akikushauri ufungue mlango wa 3389 ili uifikie kompyuta yako ukiwa safarini, kataa. Mlango huo hupapaswa na wezi wa mtandaoni saa zote.

Wenye Mac: kinga ya virusi ya Apple imo ndani, lakini ukuta huja umezimwa, uuwashe kwenye setingi za mtandao. Wenye Ubuntu, mfumo wa Linux: fungua Terminal, andika sudo ufw enable.

Hatua ya 8: Masasisho kwa bando dogo, na jaribio la mwisho

Watu huzima masasisho ili kuokoa bando, na antivirusi isiyosasishwa inawajua virusi wa mwezi uliopita. Weka Wi-Fi ya simu yako kama "Metered connection" ili Windows isivute masasisho makubwa kwa data ya simu, kisha peleka laptopu penye Wi-Fi angalau mara moja kwa wiki. Kwa Defender ipo njia nyingine: kwenye tovuti ya Microsoft kuna faili linaloitwa mpam-fe.exe lenye orodha mpya nzima ya virusi. Lipakue chuoni au kazini, libebe kwa flashi, libofye nyumbani.

Mwisho, hakikisha mlinzi yuko macho. Nenda eicar.org upakue faili la majaribio la EICAR. Ni maandishi ya herufi 68 yasiyo na madhara, yaliyokubaliwa na kampuni za antivirusi kuwa wakiyaona wapige kelele kama wameona kirusi. Kwa dada faili halikufika hata kwenye folda. Taarifa ilitokea kona ya chini likiwa bado linashuka. Kwako likifika salama na kukaa kimya, rudi hatua ya 2.

Na orodha ya sehemu zisizokaguliwa ipo katika kila antivirusi, si Defender pekee. Mashine ikirudi kutoka kwa fundi, hata kama alibadilisha kibodi tu, ifungue orodha hiyo kabla hujachomeka flashi yoyote.